Wazee Wawili Waliogombea Ubaba wa Roketi

Mama yangu mzazi anaamini mpaka leo kwamba nilikwenda Amerika kurusha roketi. Kosa si lake. Nilipompigia simu kutoka Houston, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilimweleza kwamba nimepata kazi kwenye nyumba ya kulea wazee karibu na kile kituo cha anga, na kwamba wengi wa wazee wale waliwahi kufanya kazi za roketi. Simu za kadi zilikuwa na tabia ya kumeza maneno. Yaliyofika Tanga ni mawili tu, kazi na roketi. Wiki iliyofuata mjomba alinitafuta kunisihi nizungumze na wakubwa zangu wapunguze kurusha, maana mvua za vuli zilikuwa zimechelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwaogesha wazee, kuwavalisha, kuwapeleka mezani na kuwarudisha. Asubuhi nilisomea uuguzi, mchana nikawasha gari langu bovu kutoka Sharpstown nikavuka jiji zima kwenda kusini mashariki, kwenye vitongoji ambavyo hata kinyozi ana picha ya mwezi dirishani. Nyumba ile ilinukia supu ya kuku na dawa ya sakafu. Kila aliyeishi humo alikuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiye aliyempeleka binadamu mwezini. Kulikuwa na bibi aliyempeleka kwa kupiga chapa. Kulikuwa na babu aliyempeleka kwa kusimamia maegesho ya magari, na alipokuwa akieleza namna alivyoyapanga magari siku ile kubwa, ungedhani bila yeye wale wanaanga wangekosa njia. Nilijifunza mapema kutobisha.

Wawili tu ndio waliokuwa na haki ya kujisifu, na hao ndio walioniharibia mchana wangu kwa karibu mwaka mzima.

Wa kwanza alikuwa Mmarekani, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu ya kuungua. Ujanani, kabla ya vita vikuu vya pili, aliajiriwa kubeba vyuma na mitungi kwa profesa mmoja aliyekuwa akijaribu roketi jangwani New Mexico. Profesa huyo, alisema, ndiye mtu wa kwanza duniani kurusha roketi inayoendeshwa na petroli na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji. Aliirusha kutoka shamba la jamaa yake wa kike, penye kabichi, na ikaruka kitambo kifupi kuliko muda wa kupiga chafya mara mbili mfululizo. Mzee alilisimulia tukio lile kana kwamba alikuwa amesimama kwenye kabichi zile. Baadaye nikagundua kwamba wakati ule alikuwa bado mtoto, tena katika jimbo jingine kabisa.

Gazeti kubwa lilikuwa limemcheka profesa wake. Liliandika kwamba hata mtoto wa shule anajua roketi haiwezi kusukuma mahali pasipo na hewa. Gazeti likaja kuomba radhi profesa akiwa kaburini zamani na watu wakiwa njiani kwenda mwezini. Mzee aliichukulia dhihaka ile kama ametukanwa yeye, na alikataa kusoma gazeti la aina yoyote, hata lile la matangazo ya dukani.

Wa pili alikuwa Mjerumani, mfupi, msafi, mwenye tai hata siku ya kupimwa presha. Ujanani mwake alikuwa kwenye chama cha vijana waliopewa uwanja uliotelekezwa karibu na Berlin, wakawa wanawasha injini zao pale na kuzikimbia. Jeshi likaja, likawaona, likawapa mishahara. Vita vilipokwisha Wamarekani nao wakaja, wakawaona, wakawapa mishahara mingine, na baadhi yao wakaletwa Texas. Yeye alikuwa mtaalamu wa pampu. "Mtu yeyote anaweza kuwasha moto," alipenda kusema. "Kazi ni kuulisha."

Meneja wa nyumba, mama mmoja mchangamfu aliyeamini kwamba hakuna ugomvi usiotibika kwa keki, aliwakalisha meza moja, karibu na dirisha. Alidhani watakuwa marafiki. Ni sawa na kuwaweka jogoo wawili tenga moja kwa sababu wote wanapenda mtama.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya nani alikuwa wa kwanza. Mmarekani alisema Wajerumani waliiba kila kitu kutoka kwa profesa wake. Mjerumani alisema profesa alikuwa msiri hivi kwamba hata mwizi asingepata cha kuiba. Alifunika kila kitu kwa turubai na kuitilia shaka hata posta. Jambo moja tu walikubaliana. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Urusi, kiziwi, wa mji mdogo, aliyezipiga hesabu zote za safari ya anga kabla yao wote. Huyo, walisema kwa sauti moja, asihesabiwe, kwa kuwa hakuwahi kuwasha hata kiberiti.

Mimi niliwaita wote wawili Mzee. Walipoambiwa kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, kila mmoja aliniuliza kwa faragha kama yule mwenzake naye anastahili.

Jikoni palikuwa na mama mmoja Mkongo kutoka Bukavu, mtu mzima kuliko mimi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga. Yeye na mimi tulielewana kwa Kiswahili, chake cha huko na changu cha pwani, na pale tulipokwama tulicheka. Siku moja alileta supu mezani akawakuta wazee wametazamana kama watu wa mahakamani. Akaniuliza, "Bale bazee banapiganisha nini?" Nikamwambia wanagombea nani aligundua njia ya kwenda mwezini. Alitazama nje dirishani, akaweka bakuli, akasema kwao watu waligombea shamba, na hilo mtu angeweza kulielewa.

Basi meneja akatangaza Siku ya Waanzilishi. Diwani angekuja, mpiga picha angekuja, na kibao cha shaba kingezinduliwa ukutani. Neno lililovuja ofisini ni kwamba kibao kilikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Nyumba nzima ikapoteza akili. Mpiga chapa alianza kuvaa lulu wakati wa kifungua kinywa. Babu wa maegesho aliomba apimwe suti. Mjane mmoja alimfuata meneja na picha ya marehemu mumewe, mhasibu, akidai kwamba roketi bila mhasibu ni baruti tu. Wale wazee wangu wawili hawakumfuata meneja. Waliona aibu kuomba kile ambacho kila mmoja alijua ni chake.

Mmarekani ndiye aliyeleta wazo la mashindano. Kila mmoja atengeneze roketi, zirushwe mbele ya diwani, na ulimwengu uone. Meneja alifurahi mpaka aliposikia neno petroli. Bima ya nyumba haikuruhusu hata mishumaa ya keki. Baada ya mazungumzo marefu wakapewa ruhusa ya chupa za soda zenye maji, zinazojazwa upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka kizibo kifyatuke. Mmarekani alisema maji si mafuta na jambo lile ni tusi kwa sayansi. Mjerumani alisema kimiminika ni kimiminika, na kwamba woga wa mwenzake ameuelewa.

Vidole vyao vilikuwa vimeshachoka na maisha, kwa hiyo walihitaji mikono ya watu. Mmarekani alinichukua mimi. Mjerumani akamwomba mama wa Bukavu, kwa sababu alikuwa amemwona akikata karoti.

Kufanya kazi chini ya Mmarekani kulinifundisha jinsi profesa wake alivyokuwa. Chupa yetu ilifunikwa kwa shuka muda wote. Nilikatazwa kumwambia mtu kipimo cha maji. Nikikata bawa la kadibodi vibaya, hakunigombeza. Alilitazama kwa huzuni, akasema tumejifunza kitu. Profesa wake, alisema, hakuwahi kushindwa hata siku moja. Kila kilicholipuka kilimfundisha. Nilifikiria mitihani yangu ya fiziolojia nikatamani walimu wangu wangelikuwa na imani hiyo.

Upande wa pili wa chumba cha shughuli mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mjerumani alichora, mama akakata. Kwa kuwa hawakuwa na lugha ya pamoja, mara kwa mara waliniita nitafsiri, na Mmarekani aliniruhusu kwenda kwa sharti kwamba nirudi na habari.

Ilikuwa alasiri moja, mama anagandisha bawa la tatu, Mjerumani anamsimulia kupitia kwangu juu ya kombora lile kubwa la wakati wa vita. Alieleza namna pampu yake ilivyomeza mafuta kama tembo anavyomeza maji, na namna kombora lilivyopanda mpaka kwenye ukingo wa anga, kitu cha kwanza cha mkono wa binadamu kufika kule. Alikuwa ameng'aa kama kijana. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bila kuinua macho, "Muulize, ile kombora, ni nani alikuwa anaitengeneza na mikono? Yeye alikuwa na kalamu. Mikono ilikuwa ya nani?"

Mume wa mama huyu alichukuliwa na wanajeshi barabarani kwenda kuwabebea mizigo, na hakurudi. Alikuwa ameniambia mara moja tu, tukingoja basi lake.

Niliogopa. Nikamuuliza Mzee kama alikuwa na wasaidizi wengi. Akajibu ndiyo, wengi mno. Lakini mama Kiingereza hicho alikielewa.

"Apana, mtoto," aliniambia. "Ile haiko swali yangu."

Nikatafsiri kama alivyosema, neno kwa neno. Mjerumani alinyoosha tai yake. Akasema kiwanda kilikuwa chini ya mlima, kwenye mahandaki, na waliofanya kazi ni wafungwa walioletwa kutoka kambini. Walichimba, walibeba, walifunga vyuma, na walikufa. Akaongeza kwamba yeye alikuwa wa pampu. Alipita pale kila asubuhi akiwa na karatasi zake.

"Nilikuwa nawasalimia," alisema.

Mama aliuliza, "Balikuwa banakuitikia?"

Nilipotafsiri, mzee alikaa akiitazama ile chupa ya soda. "Hawakuruhusiwa," akasema.

Nilitegemea mama ataondoka. Hakuondoka. Alimwambia ashike bawa vizuri, gundi haijakauka. Akalishika. Niliporudi kwa Mmarekani aliniuliza nimeleta habari gani. Nikamwambia bawa la tatu limekaa. Alikasirika, akasema sisi bado tuko la pili.

Siku ya Waanzilishi ilikuwa Jumamosi, jua la Houston limeshuka mpaka kwenye kola za watu. Viti vilipangwa kwenye maegesho na babu wa maegesho, ambaye hakukubali kusaidiwa. Diwani alichelewa, akafika, akazungumza juu ya ujasiri wa kuvuka mipaka, kisha juu ya mtaro mpya wa maji ya mvua ambao ulikuwa kwenye bajeti yake. Kibao kilikuwa ukutani, kimefunikwa kitambaa cha buluu.

Mmarekani alitangulia. Alitoa hotuba juu ya profesa wake na magazeti, ndefu kiasi kwamba mpiga picha alikaa chini. Halafu akavua shuka kwa mkono wake, akaniamuru nipige pampu. Nilipiga mpaka mabega yakawaka. Kizibo kikafyatuka. Roketi yetu ilipanda kama urefu wa mtu mfupi, ikafikiri, ikageuka, ikapita kati ya viti kwa kasi ya ajabu na kummwagia mpiga chapa maji yote mapajani. Bibi wa watu alisimama akapiga makofi, akidhani ndivyo ilivyopangwa. Mmarekani alinishika mkono kwa dhati, akatangaza kwamba jaribio limefanikiwa sana na tumejifunza mengi.

Ikawa zamu ya Mjerumani. Alisogea na chuma chake cha kutembelea mpaka kwenye kipaza sauti. Alikuwa hana karatasi. Alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba yeye aliitwa mwanzilishi maisha yake yote, na kwamba roketi zile za mwanzo zilijengwa na watu waliokuwa wafungwa, ambao hawakulipwa, ambao wengi wao walikufa, na ambao hata mmoja hakumjua kwa jina. Alisema alipaswa kulisema hilo zamani. Kisha akangoja, sijui alikuwa anangoja nini.

Wakampigia makofi. Walimpigia makofi mengi kuliko diwani. Niliona watu wakitikisa vichwa kwa kuguswa, na mjane wa mhasibu akafuta machozi akisema ni unyenyekevu ulioje. Meneja alichukua kipaza sauti akamshukuru Mzee kwa kutukumbusha kwamba mafanikio yoyote ni kazi ya timu. Diwani akampa mkono kwa ajili ya picha. Mjerumani alitoa mkono wake kama mtu anayepimwa mapigo ya moyo, na macho yake yakawa yanamtafuta mama wa Bukavu kwenye mlango wa jikoni.

Mama alikuja. Mzee alimwonyesha pampu, akarudi nyuma. Hakuirusha yeye. Mama alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akapiga pampu kwa mwendo wa mtu anayetwanga, bila haraka, na chupa ikaondoka. Ilikwenda juu moja kwa moja, ikapita paa, ikapita waya za umeme, ikawa kitu kidogo kinachometameta, tukasahau kufunga midomo. Iliangukia kwenye uwanja wa kanisa la jirani, na hakuna aliyekwenda kuichukua. Mama alinigeukia akasema, "Iko vizuri," akarudi kutazama kuku wake kwenye oveni.

Ndipo kitambaa cha buluu kikavutwa.

Kibao kilikuwa kizuri, shaba tupu, na chini yake kumechongwa roketi ndogo. Jina lililokuwapo halikuwa la Mmarekani wala la Mjerumani wala la yule profesa. Lilikuwa la mwenye kampuni ya nyumba za wazee, bwana mmoja wa makao makuu ambaye hatukuwahi kumwona, aliyetambuliwa kwa uanzilishi wake katika malezi ya wazee kwenye kaunti ile. Meneja, nadhani, naye ndiyo kwanza alikuwa anakisoma, kwa sababu makofi yake yalianza kwa kuchelewa.

Wazee wangu walikisogelea pamoja. Mmarekani alikisoma kwa sauti, akakirudia. Mjerumani alisubiri amalize.

"Alitumia mafuta gani?" akauliza.

Mmarekani alianza kucheka. Alicheka mpaka nikalazimika kumletea kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka kwa neno la yule mwenzake, na Mjerumani naye, ambaye hakuwa amecheka siku nyingi, alishika ukuta mabega yakimtikisika. Diwani alidhani wanalia kwa furaha.

Sitasema kwamba baada ya hapo walipatana. Waliendelea kubishana juu ya vali na turubai. Lakini siku chache baadaye nilipowapelekea dawa, Mmarekani alikuwa ameweka kijiko chini na anamuuliza mwenzake habari za mahandaki yale, maswali mafupi, ya mtu aliyewahi kubeba vyuma kwa mikono. Mjerumani alijibu kila swali. Niliwaachia dawa kwenye kisahani nikatoka.

Jumapili moja Mjerumani alimwalika mama ale nao mezani. Alikataa, akasema yuko kazini. Alisubiri mpaka zamu yake ikaisha, akabadilisha nguo, akarudi kwa mlango wa mbele kama mgeni, na sufuria ya fufu, ule ugali wao wa muhogo, na sombe, ambayo sisi twaiita kisamvu. Meneja alitaka kujua kama chakula kile kimekaguliwa na mtu. Mmarekani alichovya, akatafuna kwa muda mrefu, akamuuliza Mjerumani kama kwa maoni yake haya ni mafuta ya kimiminika au ya kigumu. Mjerumani alisema ni mfumo mchanganyiko, akaongeza tonge. Hawakumwuliza mama maswali ya Kongo, naye hakuwauliza ya mwezi. Alikula, akamrekebisha Mjerumani namna ya kufinyanga tonge, akaenda zake kupanda basi.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi hospitali moja ya Dallas, nikahama na virago vyangu. Mama wa Bukavu ndiye aliyenipigia simu mwaka uliofuata kuniambia mzee wa pampu amefariki. Alikuwa amekwenda kwenye mazishi na kitambaa chake kizuri, akakaa kiti cha nyuma. Mchungaji alitaja roketi, alisema, na watoto wa marehemu walimshukuru kwa kuja, ingawa hawakujua yeye ni nani. Nilimwuliza kama aliwaambia. Akasema hapakuwa na mtu wa kutafsiri.

Nilikwenda kumwona Mmarekani nilipopata likizo. Alikuwa meza ile ile ya dirishani, na meneja alikuwa amemkalisha na mzee mpya, mtu aliyeuza magari maisha yake yote na ambaye tayari alikuwa amewaambia wote kwamba wanaanga walinunua kwake. Mmarekani alikuwa anamchorea pampu juu ya kitambaa cha karatasi, anamweleza kwamba mtu yeyote anaweza kuwasha moto, kazi ni kuulisha. Muuza magari alikuwa amesinzia. Nikavuta kiti, nikamwambia Mzee aendelee.